SAT ni hiari: niufanye au niuache?

Swali

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni msichana wa miaka 18 kutoka Kilifi. Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana katika shule ya kaunti, na matokeo ya KCSE yalipotoka Januari nikapata A-, huku hesabu na fizikia nikiwa na A. Nataka kuomba nafasi ya kusomea uhandisi katika vyuo vikuu vya Marekani vinavyotoa ufadhili kamili kwa wanafunzi wa kigeni. Kuna kampuni iliyokuja kutuzungumzia, wakaniambia nahitaji SAT, ACT, TOEFL na angalau mitihani miwili ya AP, na kwamba watanifundisha yote kwa ada ambayo nyumbani hatuna. Baadaye nikasoma kwamba siku hizi SAT ni hiari. Mjomba wangu anayefanya kazi Doha ameahidi kulipia mtihani mmoja, ikibidi miwili. Nifanye upi? Na kama ni hiari, niufanye wa nini? KCSE haitoshi?

Jibu

Marahaba, mwanangu, na hongera. Kupata A ya fizikia katika shule ya kaunti si jambo dogo.

Nitakupa jibu kwanza, sababu zifuate. Fanya SAT, ule mtihani wa hesabu na Kiingereza ambao vyuo vya Marekani hutumia kupima waombaji, na uufanye kwa mara ya kwanza kufikia Agosti. Pesa ya mtihani wa pili mjomba aiweke kando: huenda ikalipia SAT ya marudio Oktoba, au mtihani wa Kiingereza wa Duolingo ikiwa chuo kitakudai cheti cha lugha. ACT (mshindani wa SAT), TOEFL (mtihani wa Kiingereza) na AP achana nazo. Aliyekuambia ufanye yote manne alikuwa anakuuzia masomo manne.

Sasa hilo neno "hiari". Limewapoteza wengi kwa sababu kila chuo kina maana yake. Wakati wa korona karibu vyuo vyote vya Marekani viliacha kudai SAT, kwa kuwa vituo vilikuwa vimefungwa. Tangu hapo vimegawanyika. MIT ilirudisha sharti hilo Machi 2022. Mwaka 2024 zikafuata Dartmouth, Brown, Harvard na Caltech. Stanford, Cornell na Penn nazo zikatangaza kurudi. Georgetown ilirudi mapema. Yale inadai mtihani lakini inakuachia uchague kati ya SAT, ACT, AP na IB (diploma ya shule za kimataifa), na KCSE haimo katika orodha hiyo. Upande wa pili kuna vyuo ambavyo hiari yao ni hiari kweli: Bowdoin haijamlazimisha mtu tangu 1969, na Columbia ilitangaza 2023 kwamba hiari kwake ni ya kudumu. Halafu kuna mfumo wa University of California, ambao hautazami SAT hata ukiituma. Huko ukipeleka 1600, alama ya juu kabisa, hakuna anayeifungua wakati wa kuamua nani aingie. Wala usihangaike nao, maana ufadhili wao kwa mwanafunzi wa kigeni wa shahada ya kwanza ni haba sana.

Kwa hiyo anza na orodha ya vyuo, mtihani uje baadaye. Andika vyuo vinane au kumi, ufungue ukurasa wa kila kimoja unaohusu wanafunzi wa kigeni, na usome sharti la mwaka utakaoomba wewe. Masharti haya yamebadilika sana miaka ya karibuni; usitegemee alichokifanya dada wa rafiki yako aliyeondoka 2022. Kwa mwombaji wa hali yako, anayetaka uhandisi na ufadhili kamili, najua orodha itakavyokuwa: itakuwa na chuo kimoja au viwili vinavyodai SAT, na hapo mjadala wa hiari utakuwa umekwisha wenyewe.

Lakini tuseme orodha yako yote ni ya vyuo vya hiari. Bado ningekushauri uufanye, na sababu inatoka kwenye swali lako la mwisho, lile la KCSE.

KCSE ni mtihani mzito, na vyuo vikubwa vinaujua. Dartmouth, kwa mfano, inamruhusu anayesoma nje ya Marekani kutumia mtihani wa kitaifa ulio sawa na A-Level, ule wa kidato cha sita wa Kiingereza, badala ya SAT. Harvard nayo inapokea matokeo ya mtihani wa kitaifa, ila kwa mtu ambaye kweli hakuweza kufikia kituo cha SAT. Udhaifu wa KCSE machoni pa Mmarekani uko kwenye karatasi ya matokeo yenyewe, ambayo ina herufi peke yake. Haionyeshi maksi, wala haisemi A ya fizikia hupatikana kwa nadra kiasi gani. Kwao shule nyingi hugawa A kwa wingi, na mwombaji mwenye A mfululizo wamemwona mara elfu. Msomaji mwenye faili mia mezani, asiyewahi kusikia jina la shule yako, ataiona A- yako na asijue aiweke wapi.

Hapa kuna kazi ambayo haina gharama na ambayo waombaji wengi wa Kenya hawaifanyi. Mwombe mwalimu mkuu, katika ile ripoti ya shule inayoambatanishwa na maombi, aeleze mgawanyo wa alama kitaifa. Katika KCSE ya 2024, kati ya watahiniwa 962,512 waliopata A kamili walikuwa 1,693 tu, yaani chini ya wawili katika kila elfu. Takwimu za mwaka wako zilisomwa hadharani siku ya kutangazwa matokeo. Mwalimu azichukue hapo, aonyeshe A- inakaa wapi, na aongeze wangapi shuleni kwenu walipata alama hiyo. Sentensi mbili kama hizo zinaifanya A- yako isomeke. Nimeona barua za walimu wakuu zilizojaa "mwenye bidii, nidhamu na heshima" bila takwimu hata moja, na nimesikitika kwa niaba ya mtoto.

SAT inafanya kazi hiyohiyo kwa njia nyingine: ni kipimo ambacho msomaji yule tayari anacho kichwani. Akiona 760 ya hesabu kati ya 800, hahitaji kuuliza Kilifi ni wapi. Aliyesoma shule ya kimataifa yenye jina anaweza kuiacha SAT, maana shule yake inamsemea. Wewe shule yako haijulikani huko, na huo ndio ukweli hata kama unauma.

Na kuna suala la ufadhili. Vyuo vichache, kama Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin, haviangalii uwezo wa mwombaji wa kigeni kulipa wakati wa kuamua kumpokea. Vingine vyote, ukisema unahitaji msaada mkubwa, hitaji lako linawekwa mizani pamoja na alama zako. Kamati ina fungu la pesa kwa wageni wachache, na inataka uhakika kabla ya kumpa mmoja wao gharama zote za miaka minne. Mahali pa namna hiyo kuacha kipimo ambacho ungeweza kukipata ni kujinyima. Hakuna chuo cha hiari kitakachokukata kwa kutokutuma SAT. Watatimiza ahadi yao. Ila mwenzako anayeomba fungu lilelile atakuwa ameituma.

Kufanya ni jambo moja, kutuma ni jingine. Chuo cha hiari hakijui umefanya mpaka uwaambie, kwa hiyo uamuzi huo unaufanya ukiwa na alama mkononi. Tafuta waraka wa chuo unaoitwa Common Data Set. Vyuo vingi huuchapisha kila mwaka, na ukiandika jina hilo pamoja na jina la chuo utaupata. Sehemu ya C9 inaonyesha alama za SAT za waliojiunga: ile ambayo robo ya wanafunzi wako chini yake, na ile ambayo robo wako juu yake. Inaonyesha pia ni asilimia ngapi walituma. Ukiwa hapo, tazama na H6, inayosema wageni wangapi walipewa ufadhili na wastani wake ni kiasi gani. Sehemu hiyo ya H6 imewaokoa wanafunzi wangu wengi wasitumie muda kwenye vyuo ambavyo havimpi mgeni chochote.

Alama yako ikiwa juu ya ile ya robo ya chini, tuma. Ikiwa chini kidogo, usikimbilie kuificha. Alama zilizochapishwa na vyuo vya hiari zimepanda kwa sababu wanaotuma ni wale waliofanya vizuri. Wenye alama za chini hawamo kwenye hesabu. Watafiti wa Dartmouth wenyewe walichunguza maombi ya chuo chao na ripoti yao ikatoka mwanzoni mwa 2024: waligundua waombaji kutoka mazingira duni walikuwa wakificha alama za kiwango cha 1400 ambazo zingewasaidia, kwa sababu kamati husoma alama ikilinganisha na mahali mtu alikosomea. Hiyo ilikuwa sababu mojawapo ya Dartmouth kurudisha sharti. Kwa mtu wa uhandisi ningeongeza hili, na ni maoni yangu: hesabu ikipita 720 na Kiingereza kikabaki 620, ningeituma. Kinyume chake, Kiingereza juu na hesabu 600, ningefikiri mara mbili.

Kwa nini SAT na si ACT? Vyuo havibagui kati ya hiyo miwili, kwa hiyo kufanya yote hakukuongezei kitu. Kwa sisi wa huku SAT ni nafuu kwa ada, ina matayarisho mazuri ya bure, na inakupa muda mrefu zaidi kwa kila swali. ACT ilifanyiwa marekebisho 2025, ikapunguzwa maswali na sayansi ikawa ya kuchagua, lakini hata hivyo sijaona sababu ya mwanafunzi wa KCSE kuianza. AP ni mitihani ya Mei inayotokana na masomo ya kiwango cha chuo yanayofundishwa shule za Marekani, na Kenya hufundishwa kwenye shule chache za kimataifa. Hakuna kamati itakayokuuliza kwa nini huna AP ilhali shule yako haikuwa nayo.

Usinunue vitabu vya zamani vya SAT vinavyouzwa barabarani. Mitihani ya somo mojamoja ilifutwa 2021, insha nayo ikaondolewa mwaka huohuo, na ule utaratibu wa kukatwa alama kwa jibu baya uliisha 2016. Tangu Machi 2023 sisi tulio nje ya Marekani tunaufanya kwenye kompyuta. Ni wa saa 2 na dakika 14: maswali 54 ya kusoma na kuandika kwa dakika 64, na 44 ya hesabu kwa dakika 70. Kila sehemu ina moduli mbili, na ugumu wa moduli ya pili unategemea ulivyofanya ya kwanza. Ukiteleza katika ya kwanza unapewa maswali mepesi zaidi, na alama ya juu unayoweza kufikia inashuka. Kwa hiyo moduli ya kwanza ifanye kwa uangalifu, usiharakishe.

Hesabu zenyewe hazitakutisha, hakuna hata kalkulasi. Kitakachokusumbua ni mazoea. KCSE ilikufundisha kuonyesha njia, na njia ilikupa maksi hata jibu likikosewa. Huku kinachohesabiwa ni jibu peke yake. Ulizoea jedwali na kikokotoo kidogo. Huku ndani ya skrini kuna Desmos, kikokotoo kinachochora grafu, na swali la dakika tatu kwa mkono linaisha kwa sekunde ishirini ukijua kukitumia. Jifunze Desmos kama somo. Zoea pia maandishi ya f(x), ambayo wanafunzi wetu wengi huyaonea ugeni, na maswali ya takwimu yaliyofungwa ndani ya maneno mengi. Upande wa lugha, alama za uandishi ndizo huwaangusha wetu: nukta mkato, nukta mbili, kistari kirefu. Zina kanuni chache zinazojirudia. Wiki mbili zinatosha kuzishika. Na usiache swali wazi, bahatisha.

Kuhusu kituo cha mafunzo: huhitaji. Khan Academy ina mazoezi ya SAT bila malipo, yanafunguka hata kwenye simu, na yameandaliwa kwa ushirikiano na College Board wenye mtihani. Majaribio kamili yako ndani ya Bluebook, programu ileile utakayoifanyia mtihani, nayo ni ya bure. Bluebook inahitaji kompyuta au iPad, haikubali simu, na siku ya mtihani unakwenda na chombo chako. Ukiazima kipakatalishi, kiwe cha mtu anayeweza kukuruhusu kusakinisha programu. Vile vya ofisini mara nyingi vimefungwa, na nimewahi kumwona kijana akigundua hivyo jioni ya kuamkia mtihani. Betri iweze kukaa saa tatu hadi nne. Mtandao ukikatika katikati usiogope, mtihani unaendelea. Unahitajika mwanzoni na wakati wa kutuma majibu.

Gharama kwa aliye Kenya, ada ya kimataifa ikiwemo, inazidi dola 100, yaani zaidi ya shilingi 13,000. Misamaha ya ada unayoisoma mtandaoni imewekwa kwa wanafunzi walio Marekani na raia wake, usiisubiri. Tia akilini pia nauli na malazi, kwa sababu vituo vingi viko Nairobi na kwingine ni vichache, na viti hujaa mapema kuliko tarehe ya mwisho ya usajili. Kwa mtihani wa Agosti, jisajili mara tu kalenda ikifunguliwa. Pesa ya kutuma alama kwa kila chuo iache: vyuo vingi vinakuruhusu kuandika alama mwenyewe kwenye fomu, vinadai nakala rasmi ukishapokewa tu.

Kiingereza nitakipita haraka. Umesoma sekondari kwa Kiingereza miaka minne, na vyuo vingi, Yale ikiwa mojawapo, havimdai cheti cha lugha mtu wa namna hiyo. Soma sharti la kila chuo. Penye utata, andika barua pepe ofisi ya udahili uulize, wanajibu. Kikibaki chuo kimoja kinachong'ang'ania, angalia kama kinakubali Duolingo English Test. Unafanyiwa nyumbani kwa muda wa saa moja hivi, na ada yake haifikii nusu ya ile ya TOEFL au IELTS. Uwe peke yako chumbani, mlango umefungwa, macho kwenye skrini. Mdogo wako akiingia kuuliza funguo, mtihani unaweza kubatilishwa.

Kalenda yako ni nzuri kuliko ya wengi, kwa sababu matokeo unayo tayari. SAT huku kwetu hufanywa mara kadhaa kwa mwaka, zikiwemo Machi, Mei, Juni, Agosti, Oktoba, Novemba na Desemba. Maombi ya Common App, fomu moja ya mtandaoni inayopokewa na vyuo vingi, hufunguliwa 1 Agosti. Makataa ya mapema kwa kawaida ni 1 Novemba, na ya kawaida huangukia siku za kwanza za Januari. Ukifanya Agosti, alama zinatoka ukiwa bado na nafasi ya kurudia Oktoba. Vyuo vingi huchukua alama ya juu ya hesabu kutoka siku moja na ya juu ya Kiingereza kutoka siku nyingine, kwa hiyo kurudia mara moja kuna faida. Mara ya tatu sipendi; huo muda uupe insha.

Jambo moja zaidi, na ningekuomba ulifanye wiki hii. Linganisha majina yako kwenye cheti cha kuzaliwa, karatasi ya KCSE na kitambulisho. Kwetu ni kawaida mtu kuwa na jina la babu kwenye karatasi moja na la baba kwenye nyingine, au herufi moja kugeuka. Jina unalosajilia SAT lazima lifanane na la kitambulisho utakachoonyesha mlangoni. Mwanafunzi wangu mmoja aliyesafiri usiku kucha kwa basi alirudishwa mlangoni kwa sababu hiyo, na ada haikurudi. Omba pasipoti sasa kupitia eCitizen, kisha ujisajilie SAT kwa jina lililo kwenye pasipoti, lilivyo.

Kabla mjomba hajatuma hata shilingi, azima kompyuta Jumamosi moja, sakinisha Bluebook, ufanye jaribio la kwanza kamili bila kusimama isipokuwa ile mapumziko ya dakika kumi. Kisha niandikie alama zote mbili, ya hesabu na ya kusoma, pamoja na orodha yako ya vyuo, nikuambie kama Agosti inakutosha au tuangalie Oktoba.